Dizaina ukikaukiwa mawazo unayachota wapi? Mimi nasema Pinterest ndiyo inayotumaliza

#1 Mzee wa Fonti (mtoa mada)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nadizaini nembo, vifungashio na matangazo hapa Dar. Miezi kadhaa sasa kichwa kimekauka. Kazi zinaingia, hela ya kula ipo, lakini kila ninachotoa nakijua kabla sijakianza: duara, jani upande wa kulia, herufi nyembamba, kijani kama ni chakula, bluu kama ni fedha. Juzi mteja wangu wa unga wa lishe kaniletea mfuko wa mpinzani wake nione soko likoje. Nimeugeuza mbele na nyuma, ungeniambia nimeuchora mimi mwaka jana ningekubali. Kumbe kafanya mtu wa Mwanza, hatujuani kabisa.

Nadharia yangu ni hii. Mteja akitaja biashara tu, mkono unakwenda wenyewe Pinterest, ule mtandao wa picha. Unaandika "nembo ya unga", inakuletea zile zile anazoletewa yule wa Mwanza, wa Kigali na wa Manila. Ukibonyeza moja, inakuongezea ndugu zake. Tunakula sahani moja dunia nzima halafu tunashangaa mbona wote tunanuka kitunguu.

Sasa wenzangu mnatoka vipi hapo? Sitaki "jiamini mkuu". Nataka mtu aniambie nenda pale, tazama kile, fanya hivi.

#2 mlevi_wa_chai

Nimeweka kigoda. Ngoja waje wenye fani.

#3 Gerezani Printa

Mkuu, kichwa chako kizima kabisa. Kinachoumwa ni bei. Mimi nachapa, mafaili yenu yanapita kwangu kuanzia asubuhi hadi usiku. Mtu kalipwa elfu ishirini kwa nembo, anatakiwa aitume kabla ya saa kumi jioni, na mteja anataka sampuli tatu achague. Atabuni saa ngapi? Anafungua kiolezo cha Canva, anabadili jina, anatuma. Kwa elfu ishirini hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Pandisha bei uone kama mawazo hayatakuja yenyewe.

Na mkileta faili acheni milimita tatu za kukatia kila upande. Mnatutesa.

#4 Nyundo

Gerezani Printa, mimi bei nilipandisha. Wateja wakahama, mawazo hayakuja. Nikapata tu muda mwingi zaidi wa kukaa bila mawazo.

#5 Binti wa Chake

Mtoa mada umeuliza mtu aende wapi. Mimi nakupeleka kwa bibi yangu, Pemba.

Bibi anasuka mikeka. Madizaina wa mjini humjia na michoro ya kompyuta wakitaka awasukie mikeka ya hoteli, maua yamepinda vizuri na majani yanaelea. Huwatazama, anawarudishia karatasi: "Hili halisukiki." Kwenye ukili, ule ukanda mrefu unaosukwa kwanza, hakuna mstari uliopinda. Kila unachokiona pale, kiwe jicho, mshale au wimbi, kimetokana na hesabu. Mwaa mwekundu, yaani jani la kusukia, unapita juu ya miwili, unazama chini ya miwili, unaibuka. Ukihesabu vibaya mahali pamoja, kosa linaondoka na wewe mpaka unapoligundua ufumue. Halafu ukili ukitimia unashonwa ubavu kwa ubavu, na hapo ndipo mchoro wa safu hii unapokutana na wa safu ya pili au unapopishana nao. Msukaji mzuri anajua zitakutana wapi tangu anaanza, hata kabla ya kutia rangi.

Mimi nimelichukua hilo bila kuchukua michoro yenyewe. Nikianza nembo najifunga sheria ya kipuuzi: leo hakuna duara, mistari yote inalala upande mmoja, rangi mbili basi. Siku ya kwanza nachukia. Kesho yake nakuta nimefika mahali ambapo nisingefika kwa kutafuta picha.

#6 mlevi_wa_chai

Hiyo milala ya kusukia Dar inapatikana wapi? Nataka nimpelekee mama mkwe asuke, apunguze kunipigia simu.

#7 Binti wa Chake

mlevi_wa_chai, milala ni majani ya mkoche, hutoka majamvi na makapu. Mkeka wa rangi husukwa kwa ukindu, majani ya mkindu. Ukimpelekea mama mkwe milala ukamwambia asuke mkeka wa harusi, atakupigia simu mara mbili zaidi.

#8 Mwalimu Mstaafu

Binti wa Chake umesema kweli, na ushahidi uko hapa hapa Dar. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua hadibodi za ujenzi na rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli. Rangi ile haikubali kufifishwa taratibu kutoka nyeusi kwenda nyeupe, inakauka bapa. Ndiyo maana wanyama wake wana kingo kali na nyuma yao mara nyingi ni rangi moja tupu. Angekuwa na duka la vifaa vya Ulaya mlangoni, tusingekuwa na mtindo ule. Kwa bahati mbaya aliuawa kwa risasi mwaka 1975.

#9 Kimya Kingi

Mwalimu, ni 1972. Polisi walimpiga risasi kwa kumfananisha na mhalifu. Maana yake alichora kama miaka minne tu, na humo ndimo mtindo mzima ulimotoka.

Lakini hoja yenu ya kujifunga ina tundu. Waliomfuata walikuwa na bodi ile ile na rangi ile ile. Wapo walioupeleka mbali, hilo siwanyimi. Ila pita maduka ya watalii uhesabu twiga wawili waliokutanisha shingo jua likizama. Masharti ni yale yale, ubunifu uko wapi? Kwa hiyo sheria peke yake haimpi mtu wazo.

#10 Gerezani Printa

Si nilisema? Mtalii anataka twiga, anapewa twiga. Pesa ndiyo inayochora.

#11 Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Nyote mwatafuta umbo jipya. Mimi siamini kwamba upya uko kwenye umbo.

Chukueni leso mkononi, nyinyi mnaiita kanga. Pindo limezunguka pande nne, uwanja wa katikati waitwa mji, na chini ya mji jina, yaani yale maneno ya leso, limekaa kwenye kisanduku chake kwa herufi kubwa. Zamani jina lilikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye likageuka za Kilatini, lakini mahali pake ni pale pale. Hapa mtaa wa Biashara kuna duka la Mali ya Abdulla, nyumba ya tangu 1887, na muundo haujahama. Kisutu, leso ya harusi, ndiyo kabisa: nyekundu, nyeusi na nyeupe, bibi harusi wa leo anavikwa ile aliyovikwa nyanyake. Hakuna mchora leso anayeamka asubuhi akajiuliza "leo pindo niliweke wapi?" Swali hilo lilishajibiwa kabla hajazaliwa. Yeye anahangaika na mambo mawili: kitu gani kikae mjini, na jina liseme nini. Jina ndilo linalomtoa mama nyumbani kwenda kununua, kwa sababu kuna jirani anatakiwa alisome.

Kwa hivyo dawa yangu ni hii: kabla hujagusa kompyuta, iandikie bidhaa jina la leso. Huo unga wako ungekuwa mwanamke, angemwambia nini mke mwenzake?

#12 Nyundo

"MTOTO KASHIBA, MWENYE WIVU AJINYONGE."

#13 Binti wa Chake

"UJI WANGU MZITO, MANENO YENU MEPESI."

#14 mlevi_wa_chai

Binti wa Chake umemaliza mchezo. Mtoa mada lipia hilo haraka kabla yule wa Mwanza hajalichukua.

#15 Muscat Mswahili

Kibokoni, huku Muscat wamama wa Kizanzibari bado wanavaa leso nyumbani, na majina kwa Kiswahili. Lakini nimeshuhudia mjukuu akichagua: hasomi. Anakunjua, anatazama rangi, anakunja. Bibi yake anasoma kwanza. Leso moja, wanunuzi wawili, kila mmoja kavutwa na chake. Umbo usilizike mapema hivyo.

#16 Kibokoni

Sawa, ila nani kalipia? Bibi.

#17 MSAKAPESA

Mnazunguka sana. Weka kitenge kwenye mfuko, ndiyo asili ya Mwafrika, umemaliza kazi.

#18 Kimya Kingi

MSAKAPESA, kitenge cha nta kilianza kama Waholanzi kuiga batiki ya Java kwa mashine. Vlisco, watengenezaji wake, wako Helmond, Uholanzi, tangu 1846, na hadi leo wanauza Afrika Magharibi. Sikatai kwamba tumekifanya chetu, tumekivaa na kukipa majina. Ila ukisema "asili" ujue unaingia kwenye ukoo wenye mashemeji wengi.

#19 MSAKAPESA

Kwa hiyo hata asili tumeagiza kontena?

#20 Nyundo

Tena bila kulipia ushuru.

#21 Fundi Milango

Nasoma tangu asubuhi. Niongeze la kwetu Unguja. Milango ya Mji Mkongwe ni shule tosha. Tazama fremu: mnyororo, samaki, mawimbi, yungiyungi, vyote vimechongwa kwenye mbao nene. Ile misumari ya shaba iliyochongoka iliwekwa kuzuia tembo wasisukume mlango. Kila alama ina maana yake.

#22 Kimya Kingi

Fundi, tembo wa Mji Mkongwe walikuwa wanakaa mtaa gani? Misumari ile ni desturi iliyokuja kutoka Bara Hindi, huko ndiko inakosimuliwa habari ya tembo wa vita. Ilipofika Unguja ni pambo na fahari ya mwenye nyumba.

#23 Fundi Milango

Ndivyo tunavyowaambia wageni, na wanafurahi.

Haya, tuseme ni pambo. Hiyo ndiyo hoja yenyewe sasa. Kitu kilikuwa na kazi kwao, kimevuka bahari, kazi imebaki kule, umbo limefika. Hata mnyororo una ugomvi: mmoja anasema ni ulinzi, mwingine anasema ni watumwa, na wote wanachonga mnyororo ule ule. Ukisubiri ujue maana sahihi ndipo uchore, utazeeka na patasi mkononi.

#24 Injinia wa Chuma

Kumbe hata kukosea maana kunazaa. Harare kuna jengo la Eastgate, lilikamilika 1996, msanifu wake Mick Pearce. Alitazama vichuguu vya mchwa, akaamini hewa ya moto inapanda juu na kutokea kileleni huku ya baridi ikiingia chini. Akasanifu jengo la maduka na ofisi lisilotegemea viyoyozi vya kawaida: usiku hewa baridi inapitishwa ndani ya zege, mchana zege hiyo inapoza vyumba. Likafanya kazi. Miaka ikapita, watafiti wakaingia kwenye vichuguu na vipimo wakakuta mambo hayaendi kama alivyodhani. Upepo wa nje unachangia sana, na ile habari ya hewa kupanda kama kwenye bomba la moshi siyo picha kamili. Lakini jengo limesimama na linapoa.

Wajapani kwao ilikuwa kinyume. Treni za kasi zilikuwa zikitoka kwenye mahandaki na mshindo, kwa sababu ya hewa iliyosukumwa mbele. Mhandisi Eiji Nakatsu alikuwa mtu wa kutazama ndege kama burudani yake. Mdiria anapiga mbizi kutoka kwenye hewa kuingia majini bila kurusha maji mengi. Wakajaribu maumbo mengi ya pua, lililoshinda likawa karibu na mdomo wa mdiria. Ndiyo pua ya treni aina ya 500 iliyoanza safari 1997. Ona sasa, aliyekuwa sahihi kapata na aliyekosea kapata. Wote wawili walikuwa na tatizo linalowauma kabla hawajamwona mnyama. Mtoa mada, wewe unamtafuta mdiria wakati huna handaki.

#25 mlevi_wa_chai

Madini haya. "Huna handaki." Naandika kwenye tisheti.

#26 Bi Mapumziko

Mbona hakuna aliyesema kupumzika? Stefan Sagmeister, dizaina wa New York, alijiwekea utaratibu wa kufunga studio mwaka mzima kila baada ya miaka saba. Mara ya pili alikwenda kukaa Bali. Amesema mwenyewe kwamba kazi za miaka iliyofuata zilitoka kwenye mwaka ule wa kutofanya kazi za wateja. Pengine kichwa chako kimechoka tu, mnakisingizia Pinterest.

#27 Gerezani Printa

Kodi ya fremu ya duka huo mwaka analipa nani?

#28 Bi Mapumziko

Funga Ijumaa mchana basi, Gerezani. Hata mashine yako inahitaji kupoa.

#29 Gerezani Printa

Ijumaa mchana ndipo wanapoleta kadi za harusi za Jumamosi. Wewe hujawahi kufanya kazi na Waswahili.

#30 Mtaa wa Pili

Mnaandika vitabu bure. Akili mnemba inakupa sampuli mia kabla chai haijapoa. Zama za kutafuta mawazo zimekwisha, siku hizi ni kuchagua tu.

#31 Kibokoni

Niliiambia inichoree leso. Pindo likazunguka pande tatu, upande wa nne mji umemwagika nje. Jina likawa herufi zinazofanana na Kilatini kwa mbali, hakuna kabila linaloweza kulisoma. Nikamuonyesha mama, akaniuliza kama nimeandikiwa na mganga.

#32 Mtaa wa Pili

Mwakani itaweza.

#33 Kimya Kingi

Mwakani itaweza kuandika. Ila inajifunza kwenye picha hizo hizo alizochoka nazo mtoa mada, ile sahani yake sasa imesagwa tu. Kuchagua nako kuna ugumu wake: mtu ambaye hajui anatafuta nini, ukimpa mia atachukua ile aliyoizoea.

#34 Nyundo

Kimya Kingi wewe huwa unakubaliana na nani?

#35 Kimya Kingi

Wewe, kwenye #4.

#36 Wakili wa Mtaani

Kuna jambo mnalipita haraka. Mmesema chota kwenye ukili, chota kwenye milango. Louis Vuitton nao walichota: mavazi yao ya kiume ya kiangazi 2012 yalikuja na miraba ya shuka la Kimasai, na Wamasai wakaanza kuhoji wanapata nini. Kule Uingereza kampuni moja ilijaribu kusajili jina la kikoi kwa namna yao ya kuliandika, ikapingwa hadi ikaliacha. Sasa mtoa mada akichukua mchoro wa bibi yake Binti wa Chake akaubandika kwenye mfuko wa unga, ana tofauti gani nao? Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkaulize kabla ya kuchapa.

#37 Binti wa Chake

Wakili, Pemba siyo COSOTA. Zanzibar tuna COSOZA.

Na mimi sikumwambia achukue mchoro. Nilisema achukue hesabu. Ila ukweli ni kwamba michoro mingi bibi aliipata kwa kutazama mikeka ya watu wengine kwenye harusi. Anakaa juu yake, anahesabu kwa kidole huku wenzake wanapiga vigelegele, anarudi nyumbani anaijaribu. Hakuna anayemlaumu. Anayechukiwa ni yule anayesema ameibuni mwenyewe.

#38 Wakili wa Mtaani

Bibi kwa bibi ni jambo moja. Bibi kwa kiwanda ni jambo lingine. Hapo mimi sibanduki.

#39 Mzee wa Fonti (mtoa mada)

Wakuu nimewasoma wote, ahsanteni. Injinia kaniudhi kidogo na lile handaki lake, nikaamua niende mashineni kwa mteja, Tandika. Kazi zake nimezifanya muda mrefu kwa simu na WhatsApp tu.

Pale unga wa aina zote unatoka mweupe-kahawia ule ule. Wa karanga, wa soya, wa ulezi, ukisimama mbali huwezi kutofautisha. Kina mama wanaofungasha wamejitafutia njia yao: kila mfuko mkubwa unafungwa mdomo kwa uzi, wa ulezi uzi mwekundu, wa soya wa njano, wenye karanga nyuzi mbili zimesokotwa pamoja, kwa sababu mtoto mwenye mzio wa karanga hapaswi kuchanganyiwa. Yaani usiku umeme ukikatika wanapapasa fundo la nyuzi mbili wanajua huu ni wa karanga. Hakuna aliyewafundisha, na mwenye kiwanda hajui kabisa.

Nimechora mfuko mweupe, juu umepitiwa na mistari ya uzi, mmoja au miwili iliyosokotana, rangi kwa aina. Katikati maneno ya Binti wa Chake kwa herufi kubwa, kisandukuni, kama jina la kanga. Nimeutuma jana usiku.

#40 Injinia wa Chuma

Umepata handaki.

#41 Wakili wa Mtaani

Na wale kina mama umewaahidi nini?

#42 Nyundo

Hii siyo ubunifu, huu ni utafiti wa kawaida ambao angeufanya tangu mwanzo. Ila mfuko nimeupenda.

#43 Mzee wa Fonti (mtoa mada)

Mteja kajibu. Nanukuu: "Nzuri sana kaka. Ila mbona haina jani?"

#44 mlevi_wa_chai

Nimedondosha kikombe.

#45 Gerezani Printa

Weka jani ulipwe. Halafu uzi wako ukichapwa kwa kuchanganya rangi nne unatoka na kingo chafu, tumia rangi moja maalumu kwa kila aina. Njoo nikuonyeshe sampuli.

#46 Kibokoni

Usiweke! Mwambie jani lamfanya afanane na wa Mwanza, mpelekee ile mifuko miwili aitazame pamoja. Mteja haogopi ubaya, aogopa kufanana na mpinzani.

#47 Bi Mapumziko

Au aweke jani dogo kwa nyuma kwenye maelezo ya kupikia. Kila mtu alale.

#48 Wakili wa Mtaani

Swali langu la #41 halijajibiwa.

#49 Mzee wa Fonti (mtoa mada)

Wakili nimelisoma. Nimemwomba mteja majina yao yaandikwe nyuma ya mfuko. Amesema atafikiria, na mmoja wao mwenyewe kasema hataki jina, anataka posho ya nauli iongezwe. Nalipeleka Jumatatu pamoja na suala la jani.

#50 Kijana wa Ubungo

Shikamooni wakubwa. Samahani natoka nje ya mada, ndiyo kwanza naanza fani. Laptop yangu ina RAM ya GB 4, inabeba programu ya kuchorea ya Illustrator au nianze na CorelDRAW?

#51 Nyundo

Marahaba. Fungua uzi wako kijana.

#52 Gerezani Printa

Yoyote itakayobeba. Milimita tatu lakini.